Mashine Aliyoichagua Mama Wembe

Mama Wembe hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, mwaka wake wa pili, siku mlinzi wa lango alipogusa makali ya fyekeo lake kwa kidole gumba akidhani ni utani, kisha akakaa wiki nzima na bandeji. Tangu hapo hata kwenye orodha ya zamu akawa Mama Wembe, na kazi yake ikawa moja tu: kufyeka tuta la bwawa lililonywesha mji mzima.

Lilikuwa tuta refu. Ukisimama mwisho mmoja, aliyesimama mwisho wa pili humjui ni mwanamke au mwanamume. Upande mmoja maji, upande mwingine mteremko wa udongo ulioshuka hadi mtaroni. Mteremko huo ndio uliomla mabega. Nyasi fupi hushika udongo, lakini magugu yakiachwa hufika kifuani, ndani yake huota vichaka vya shina gumu, na mizizi ya vichaka hupenya tutani na kuyafungulia maji njia. "Bwawa halianzi kubomoka kwa kishindo," aliambiwa na mtu aliyemfundisha kazi. "Linaanza kwa mzizi." Alikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo. Sasa alikuwa na hamsini na tatu, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na yeye ndiye aliyekuwa nyapara wa wafyekaji.

Walikuwa saba pamoja naye, wakifyeka kwa mstari. Nyuma yake alifuata wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Mwisho kabisa alikuja Mzee Kesho, aliyekuwa akiapa kila mwezi kwamba kesho anaacha kazi akapumzike, na kila kesho ilimkuta amefika langoni kabla ya mwenye funguo.

Jumatatu moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, injinia wa bwawa alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, kijana kwake kwa umri, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake mezani zilingane. Siku hiyo alimvutia kiti.

"Kaa, mama."

"Nikisimama sichoki, bosi."

"Kaa tu."

Alipokaa, akajua si heri. Injinia alimweleza kwamba makao makuu wanataka bwawa linunue mashine ya kufyekea, ya kusukumwa na mtu mmoja akitembea nyuma yake. Watu watapunguzwa.

"Wangapi?"

"Bado haijaamuliwa." Injinia alisogeza kalamu. "Inategemea mashine. Mimi nimesomea maji, mama, sikusomea magugu. Wewe unayajua. Nenda dukani ukaziangalie, uniambie ipi inatufaa. Utakayosema ndiyo nitakayonunua."

Alitoka na maneno hayo kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Inategemea mashine. Hakumwambia mtu, lakini ofisi ndogo haina siri, na jioni wifi yake alimngoja nje ya stoo, buti mkononi.

"Eti unakwenda kutuchagulia mashine?"

"Nimetumwa, wifi."

"Haya. Mtumwa hana makosa," wifi alisema, akaondoka bila kumngoja kama ilivyokuwa desturi yao.

Duka la mashine lilikuwa na ua nyuma, na baada ya ua kiwanja kisichojengwa kilichojaa magugu. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, aproni imelowa oili, na aliuliza kama daktari anayemuuliza mgonjwa. Magugu yanafika wapi? Shina la kichaka nene kiasi gani? Kuna mawe? Mteremko mkali? Mama Wembe alijibu yote kwa ukweli, maana hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo kwa heshima namna ile.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya rangi nzuri, na magurudumu manne madogo. Muuzaji aliipita. "Hii ni ya bustani ya mtu anayekunywa chai kibarazani. Kwako itafia langoni."

Ya pili ilikuwa nyepesi, magurudumu mawili makubwa, na mahali pa kisu ilikuwa na nyuzi nene za nailoni. "Nyasi na magugu laini itakufanyia, na ukiitazama utaipenda. Lakini ikikutana na shina kama kidole gumba, nyuzi zinakatika. Utashinda unabadilisha nyuzi."

Ya tatu ilikuwa nzito kama ndama. Matairi yake yalikuwa na meno kama ya trekta dogo, yakizungushwa na injini yenyewe, na chini yake kulikuwa na kisu kinene kama springi ya lori, kilichofungwa kwa namna kwamba kikigonga jiwe hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Mbele ilikuwa na chuma cha kulaza vichaka kabla ya kuvikata. "Ukiachia mkono huu, kisu kinasimama," muuzaji alisema. "Haya, jaribu mwenyewe."

Waliisukuma hadi kiwanjani. Muuzaji alivuta kamba, injini ikanguruma, na Mama Wembe akashika mikono ya mashine. Ikamtangulia. Magugu yaliyomfika kifuani yalilala, yakapotea. Alikutana na kichaka ambacho kwa fyekeo kingemla mapigo kumi na mbili. Alisikia mtikisiko viganjani tu, basi, kichaka hakipo. Mabega yake hayakuuma. Kwa kitambo kidogo alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumuumiza zaidi baadaye.

Kisha akageuka kuangalia alikotoka. Njia ilikuwa nyeupe, pana, imenyooka. Akapima kwa macho kama alivyozoea kuwapimia wenzake kazi asubuhi: hapa angekuwa wifi, hapa wale wawili wa katikati, pale mwisho Mzee Kesho. Sehemu zao zote alikuwa ameshazimaliza, na jasho halijamtoka.

"Mama, hii ndiyo yako," muuzaji alisema. "Usidanganywe na wepesi wa ile nyingine."

Alirudi bwawani kwa miguu, ingawa alikuwa amepewa nauli. Njiani alipiga hesabu yake. Ile nyepesi itashindwa. Ichukue miezi miwili, ichukue msimu mmoja wa mvua, lakini itashindwa, na makao makuu wataona kwamba mkono wa mtu haujapata mbadala. Hapo mafyekeo yatashushwa tena ukutani.

"Ile nzito ina nguvu, bosi, sikatai," alimwambia injinia. "Lakini matairi yake yana meno. Kwenye mteremko wetu, udongo ukilowa, itachimbua tuta."

Kalamu ya injinia ilisimama. Tuta ndilo lililomnyima usingizi. "Una hakika?"

"Miaka ishirini na saba natembea juu ya tuta hilo."

Na hilo lilikuwa kweli tupu, ndiyo maana uongo uliotangulia ulipata mahali pa kuegemea. Injinia aliandika jina la ile ya nyuzi.

Mashine ilifika siku ya Jumatano. Barua zilifika Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Zilikuwa sita.

Mama Wembe aliingia ofisini bila kubisha. "Ulisema inategemea mashine!"

Injinia hakumtazama usoni. "Walikuwa wameshaamua, mama. Kabla hata hujaenda dukani. Nilishindwa kukuambia." Kisha akaongeza, akidhani anamfariji, "Wewe unabaki. Mashine umeichagua wewe, unaijua."

Pale stoo wenzake walikuwa wakirudisha ovaroli na buti. Mzee Kesho alizikunja zake vizuri kama nguo za mtoto, akajaribu kutania kwamba kesho yake hatimaye imefika, lakini hakuna aliyecheka. Wifi alitupa buti zake sakafuni.

"Umetufyeka wote kwa mkupuo mmoja, wifi yangu. Kweli wewe ni wembe."

Mama Wembe alifungua kinywa. Angesema nini? Kwamba alichagua mbovu kwa ajili yao? Mbele ya mtunza stoo, ambaye angeyafikisha maneno ofisini kabla jasho halijamkauka? Na hata angesema, ingesikika kama kujikosha. Akainama, akaokota buti za wifi, akazirudisha mahali pake.

Muuzaji alikuwa amesema kweli. Kwenye nyasi mashine ilikwenda vizuri. Kwenye vichaka nyuzi zilikatika kama uzi wa kushonea. Hapo ndipo Mama Wembe alipoona shimo alilojichimbia. Mashine ikionekana imeshindwa, swali la kwanza litakuwa: nani aliichagua? Kwa hiyo yeye, aliyetaka ishindwe, ndiye aliyeanza kuificha. Alifika alfajiri akiwa na fyekeo lake kuukuu ndani ya gunia, akakata vichaka kwa mkono mpaka jua lichomoze, kisha akawasha mashine ili watu wa ofisi wasikie ngurumo. Wiki chache za mwanzo alimkuta Mzee Kesho ameketi kwenye jiwe nje ya lango. Alisema usingizi unamkatikia saa ileile. Mlinzi alimwomba asije tena, na hakuja.

Mtu mmoja hawezi kazi ya watu saba. Alishika ncha mbili za tuta, katikati kukamshinda. Mvua zilipokwisha, pale katikati magugu yalikuwa yamempita kichwa, na vichaka humo vilikuwa na shina nene kama mkono. Wakaguzi walikuja kiangazi. Walikuta mahali chini ya mteremko ambapo udongo ulikuwa umelowa, ilhali kila mahali pengine ulikuwa mkavu. Hawakupaza sauti. Walipiga picha, wakaandika, wakaondoka, na injinia hakupanga kalamu zake siku ile.

Ndani ya siku kumi waliletwa watu wa kandarasi, wawili tu, na mashine mbili. Mama Wembe alizitambua kwa mbali, kwa matairi yake. Zilikuwa zile nzito. Siku ya pili ilinyesha mvua isiyo ya msimu, nao wakaendelea na kazi wakiwa na makoti. Siku ya nne tuta lote lilikuwa limenyolewa.

Injinia alishuka mteremko peke yake, akainama, akapitisha kiganja kwenye alama ya tairi. Ilikuwa hafifu, kama alama ya kucha kwenye sabuni. Akapanda hadi aliposimama Mama Wembe.

"Tuta halijachimbuka, mama."

"Halijachimbuka."

"Ulijua."

Alitaka kusema hapana. Badala yake akaketi palepale juu ya magugu yaliyokatwa. "Nilijua. Nilidhani ikishindwa mtawarudisha."

Injinia aliyageukia maji. "Mimi nilikudanganya kwanza," alisema. Hakuandika ripoti juu yake. Lakini juma lililofuata alimhamishia jengo la pampu, kufagia na kufuta vumbi kwenye mabomba, na tangu hapo walisalimiana kama watu wanaodaiana kitu kisichotajika.

Jumapili moja alikwenda kwa wifi yake, aliyekuwa sasa akifua nguo za watu. Alimkuta uani, mikono ndani ya beseni. Akamweleza yote, tangu dukani hadi tutani, akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Wifi alisikiliza bila kuacha kufua.

"Kwa hiyo mdomo huo wote ulikuwa nao," wifi alisema, "ukaupeleka ofisini peke yako."

"Ningefanya nini, wifi?"

"Ungetuambia. Tungekwenda wote saba kwa injinia."

"Wasingetusikiliza. Walikuwa wameshaamua."

"Wasingetusikiliza." Wifi alikubali, akiitikia kwa kichwa. "Lakini tungekwenda."

Aliinua shuka zito kutoka kwenye maji, akatafuta ncha yake, akamtupia upande mmoja. Mama Wembe akalishika. Wakakamua, kila mmoja akivutia kwake, mpaka maji yakaacha kutiririka. Kisha wifi akalianika, akarudi kwenye beseni, akampa mgongo. Mama Wembe alisimama kidogo, akaaga. Aliitikiwa kwa sauti ya chini, akaondoka.