Goti Halikuwa na Kosa

Mwaka niliotahiriwa nilikuwa mtoto mnene kuliko wote darasani, na nyumbani kwetu Kibomet, hapa Kitale, hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Baba alikulia Bungoma akilala njaa, kwa hivyo kila nilipoongezeka kiuno aliona ameshinda vita. Wageni walinifinya mashavu wakimwambia mama, "Huyu ameshiba vizuri." Gari la shule lilinichukua mlangoni na kunirudisha mlangoni. Wakati wa michezo mwalimu alinipa kazi ya kulinda masweta ya wenzangu, nami nikawa mlinzi hodari.

Goti la kushoto lilianza kuuma wakati wa mvua. Nikawa nachechemea, na mguu ukaanza kugeukia nje. Mama alinichua kwa dawa ya misuli kila jioni. Alipoona haisaidii alinipeleka kliniki, goti likapigwa picha. Lilikuwa zima kabisa, na picha hiyo ndiyo iliyonitia hatiani.

Sisi Wabukusu hutahiri wavulana mwezi wa nane, kila mwaka wa pili, na zamu yangu ilikuwa imefika. Mvulana hukimbia akipiga kengele kwenda kuwaalika jamaa, kisha alfajiri husimama uani mbele ya kisu na mbele ya watu wote, bila kutikisika wala kulia. Akitikisika, aibu ni ya ukoo mzima. Sasa mtoto ambaye goti lake ni zima lakini bado anachechemea mwezi huo, mtu yeyote kwetu atakuambia ana ugonjwa gani.

"Goti inauma, ama ni woga iko ndani?" mjomba, kaka yake mama, aliniuliza tulipofika kijijini Misikhu, huko Bungoma, kwa sherehe.

"Inauma, mjomba. Hata usiku."

"Ati hata usiku! Kisu iko asubuhi, bana."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alinivuta nyuma ya jiko. "Usiniaibishe," alisema. "Hawa watu wanasema nilienda kulea msichana huko Kitale. Kimbia kama wengine."

Nikakimbia. Kengele zilikuwa mikononi, mapaja yalisuguana hadi ngozi ikachubuka, na nyuma yangu kundi la vijana liliimba nyimbo za kuwasuta waoga. Karibu na boma la mjomba palikuwa na mtaro mdogo ambao mtoto wa chekechea angeuruka. Niliuruka. Kitu kikakatika, si gotini, bali juu, karibu na kinena. Nilianguka kifudifudi na mguu ukalala umeelekea kusiko.

Sikulia. Nilijua kitakachosemwa, nikauma mkono wangu mwenyewe. Vijana waliendelea kuimba juu yangu wakidhani nimechoka. Mjomba alinishika makwapa ili anisimamishe, ndipo alipouona mguu, akaniachilia taratibu.

Daktari aliyetupokea mjini Bungoma hakuhangaika na goti. Alipiga picha ya nyonga. Alieleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza kidogo kidogo kwa miezi, kama jembe lililolegea kwenye mpini. Mfupa wa mtoto bado unakua, akasema, na uzito ukizidi unaweza kushindwa hapo. Tena nyonga ikiumia, maumivu mara nyingi huhisiwa gotini.

"Amechechemea tangu lini?" aliuliza.

Mama akajibu, tangu mvua. Baba alitazama dirisha. Daktari alisema kwamba kama wangenileta wakati ule, angenitia skrubu na huenda ningekimbia tena. Sasa angenitia hiyo skrubu, lakini mguu ungebaki mfupi.

Nilitahiriwa hospitalini baadaye, nimelala chali, nimechomwa sindano ya ganzi. Wenzangu wa rika walisimama. Wanaponisalimia hadi leo wana heshima ya huruma, na hiyo huruma naichukia kuliko matusi.

Siku hizi kiatu changu cha kushoto kina soli nene ninayoongezewa na fundi wa viatu. Unene nao umezidi, maana mtu asiyeweza kukimbia ataupunguzia wapi? Mwaka wa kutahiri ukifika, na kengele zikasikika hata huku mjini, nafunga madirisha na kuongeza sauti ya redio. Si kwamba nachukia mila. Nachukia tu jinsi ilivyokuwa rahisi kwa kila mtu kujua kilichoniuma.

Baba amezeeka. Wageni wakiuliza kuhusu mguu wangu, hunitangulia kujibu.

"Huyu alivunjika nyonga akikimbia na kengele na hakulia," huwaambia kwa fahari. "Hata sauti hakutoa."

Wageni hunipa pongezi, nami huinamia chai yangu. Ni kweli, baba, sikulia. Lakini nilisema. Tangu mvua ilipoanza nilikuwa nikiwaambia kila siku kwamba naumwa.