Mwasumini wa Mama Uliokatwa

Juzi nilikuwa Biashara Street nikichagua leso, akapita mwanamke aliyevaa kikuba kifuani, asumini na mrehani zimefungwa pamoja na mkadi. Harufu ile wengine huwatuliza. Mimi, wenzangu, niwaambie kweli, hunipandisha hasira.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Mji wa Kale, mimi na mama, katika chumba kimoja cha nyumba ya Ami Twaha, ndugu wa marehemu baba. Kila kitu mle kilikuwa chake, kitanda, birika, hata ndoo. Cha mama kilikuwa mwasumini uliotambaa ukutani uani, ambao alikuja na kitawi chake kutoka kwao alipoolewa. Alasiri alichuma asumini changa, akazitandaza juu ya kitambaa kibichi, huku akiimba. Saa hiyo hakuwa mjane wa mtu.

Siku moja ya jua kali, mama akiwa hitimani, ami alishika panga kusafisha uani, maana wageni wa posa ya binti yake walikuwa njiani. Mwasumini ulikuwa umepukutika majani. Yeye akaona ni magugu, akaukata mpaka chini. Nililia hadi nikatapika. Angeweza kuuliza, lakini ami hakuwa na desturi ya kuuliza.

Mama aliporudi alisimama mbele ya kile kisiki, buibui bado li mwilini.

"Nalidhani magugu, shemeji," ami akasema, akijifuta jasho. "Mti tu huo. Utamea."

Mama akavua buibui, akaenda kuosha mchele. Tangu hapo maji yote ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye kisiki, nami kila asubuhi nilikichungulia kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, nikimwapiza ami kimoyomoyo. Masika yalipoingia kikachipua. Mwaka uliofuata, arusi ya binti ilipofika, ukuta ulijaa maua kuliko zamani.

Ami akaja na sinia, akicheka. "Si nalikwambia, shemeji? Kumbe panga lilikuwa dawa yake. Haya, tuchumie za vikuba."

Mama akachuma, sinia likajaa. Nilimkasirikia yeye kuliko ami. Nikamwuliza mbona hamwambii kitu.

"Nishikia sinia hili, mwanangu," akanambia.

Miaka mingi nilimwona mnyonge. Nimekuja kufahamu nilipopata nyumba yangu Tudor, nikafunga mlango wangu mwenyewe. Hasira zake angezipeleka wapi, naye hata kitanda alicholalia ni mali ya ami? Mti ulipona, na ami akaona yamekwisha. Akajisamehe mwenyewe, na maua akachukua. Mama amekufa hajaombwa radhi.

Ami yu hai, mzee mno. Kila Idi hutuma mtu aniulize mbona siendi kumpa mkono. Mjumbe huyo namkaribisha kahawa, nikampa na visheti. Kisha namwambia siendi, mpaka ami aende kwanza kaburini kwa mama, akaseme alilopaswa kusema siku ile uani.