Ndege Iliyoingia Zizini kwa Ubavu

Mwaka ule wa nzige tuliambiwa tufungie mifugo, maana ndege ya kunyunyiza dawa ilikuwa inazunguka huku kwetu Kakuma. Nikafungia. Zizi langu la miiba liko karibu na uwanja wa ndege, ule wa vumbi, na mbuzi nikawa nawalisha maganda ya mgunga niliyookota mwenyewe, na goti langu hili bovu.

Goti ndilo lililofanya nimthamini dume langu lenye kengele. Akitembea yeye, mbuzi wote wanamfuata mpaka kisimani na kurudi. Bila yeye ningekuwa nakimbiza mbuzi, na kukimbia niliacha zamani. Lakini alikuwa amehasiwa na amenenepa, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuwa akimtazama kama mbuzi. Alimtazama kama mchuzi.

Asubuhi moja ndege ikanguruma, ikakimbia, ikainuka kidogo kama kuku, ikarudi chini. Gurudumu moja likazama mchangani, ndege ikageuka ikaja kwangu. Ikaingia zizini kwa ubavu, bawa mbele, ikasimama. Vumbi tupu. Ndani ya vumbi nikasikia kengele. Nikapumua.

Akatoka rubani, mtu mzima mwenye kitambi, kiatu kimoja tu mguuni.

"Mama, samahani sana!"

"Mtu akiingia kwa watu anasalimu kwanza."

"Habari ya asubuhi, mama."

"Ejok, njema. Umeumia?"

"Hapana."

"Basi siku nyingine, mlango uko upande ule."

Shemeji akafika na kigoda chake kabla vumbi halijatulia. Hakumuuliza rubani hali. Aliuliza, "Dawa imo ndani?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa naenda Lodwar kujaza. Tangi ni kavu."

Uso wa shemeji ukang'aa.

"Huyu ametoka mdomoni mwa kifo," akawatangazia majirani. "Achinjiwe mbuzi, apakwe majani ya tumboni mwake, ndipo aende. Na mbuzi ni yule aliyeguswa na ndege." Fimbo ikamwelekea mwenye kengele.

Kupaka nilikubali. Mtu aliyeponea hivyo, kwetu haachwi aende hivi hivi. Lakini hilo la kuguswa?

"Hiyo desturi ya ndege umeitoa wapi?"

"Shemeji, usibishane na wazee."

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa na njaa ya nyama, siwalaumu.

"Sawa," nikasema. "Aliyeguswa. Ndege ni ya njano. Tutafute rangi."

Tukamkagua mwenye kengele, pembe, mgongo, mkia. Hana hata doa. Tukakagua wengine. Chini ya bawa, miiba imemshika, tukakuta mbuzi wa kahawia, pembe moja ya njano kabisa, mdomo bado unatafuna maganda yangu. Nikamgeuza sikio. Limekatwa mara mbili chini na mara moja juu. Alama hiyo si yangu.

"Sikio la nani hili?"

"Masikio hufanana," akasema shemeji.

"La kwako," mke wake akasema kutoka nyuma. "Ulilikata mwenyewe. Na jana jioni ulimwingiza hapa ili ale vya bure."

Shemeji akakaa kwenye kigoda. Akasema labda siku hizi mtu anaweza kupakwa maji tu.

"Shemeji," nikamwambia, "usibishane na wazee."

Yule wa kahawia akachinjwa. Rubani akasimama wima tukimpaka kifua na paji la uso, macho kafumba, akiuliza kama rangi ya majani itatoka kwenye shati. Haitatoka. Gari la wenzake lilipokuja kutoka Lodwar walimnusa, wakampandisha nyuma, kwenye upepo. Paja moja nilimpa mke wa shemeji, mkononi mwake, si mwa mumewe.

Jioni mwenye kengele akatoka kwa tundu lililofanywa na ndege, si kwa mlango. Wengine wote wakamfuata, na mimi nyuma yao, polepole.