Clement Thackray na Hisa za Ackersley

Kazi ya Clement Thackray ilikuwa kuficha. Na msimwite mwizi, jamani, kazi yenyewe ni halali kabisa. Mtu mwenye hisa milioni sita akitaka kuziuza hawezi kuingia sokoni akatangaza kwamba anazo milioni sita. Wanunuzi wakishajua, bei inaporomoka hajauza hata moja. Kwa hiyo anamkabidhi dalali kama Clement, pale katikati ya London, na dalali anazitoa kidogo kidogo. Soko linaona elfu kumi. Hizo zikinunuliwa, zinatokea elfu kumi nyingine, na nyingine, utadhani ni muuzaji mdogo mwenye shida zake. Clement alifanya hivyo miaka ishirini na saba, mpaka mdomo nao ukazoea. Mkewe Harriet alikuwa akisema, ukimuuliza huyu mwanamume kama mvua inanyesha, anaangalia kwanza nani yuko karibu.

Jumatatu moja ya Februari akaletewa oda ya hisa milioni sita za Ackersley, ziishe ndani ya wiki. Ackersley ni kiwanda cha boila, mitambo ya kupashia nyumba joto, kule Halifax, na baba yake, mzee Wilfred, alikifanyia kazi miaka arobaini na moja. Hisa alizogawiwa kama mfanyakazi hakuuza hata moja, na alizizungumzia kama wengine wanavyozungumzia wajukuu. Sasa mwenye fungu kubwa kuliko wote alikuwa anajitoa moja kwa moja. Clement alijua bei itashuka, na haitapanda leo wala kesho.

Angeweza kusema palepale kwamba baba yake anazo hisa hizo, oda akapewa mwingine. Hakusema. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini, na yeye, mwenye miaka hamsini na tatu, hakutaka jina lake litajwe kwa lolote. Na hata angesema, si alishajua? Ukishajua, umeshafungwa mdomo. Ukimdokeza hata mzazi wako, ni jela.

Jumanne mchana simu ya mezani ikalia. Za mkononi waliziacha kwenye makabati mlangoni, na hii ya mezani ilirekodi kila neno.

"Clement! Bado wanakulisha mikate baridi huko kwa mabwana wakubwa?"

"Baba, niko kazini."

"Najua, ndiyo maana nimekupigia kazini. Sikia. Ackersley imeshuka, hisa moja peni mia mbili na tano. Ile elfu arobaini aliyoacha marehemu mama yako, kesho naichukua nusu nanunulia."

Ile pauni elfu arobaini ndiyo ilikuwa ya kumtunza mzee siku miguu itakapokataa. Hakukuwa na nyingine.

"Baba, habari za hisa hatuongei kwenye simu hii."

"Kwani nani kakuuliza? Nakupa habari tu. Nyie watu wa London hata boila hamjui linawashwa wapi!"

Clement akafungua mdomo. Usinunue, neno moja tu. Hata "subiri kidogo" ingetosha kumpandisha kizimbani.

"Vaa koti ukitoka," akasema. "Kuna baridi."

"Koti! Huo ndio ushauri wa mtaalamu?" Mzee akacheka mpaka akakohoa, akakata simu.

Jumatano Clement aliwahi kufika, macho mekundu, wazo limeshamwingia. Bei ikianguka kwa kishindo kabla mzee hajanunua, ataogopa. Nani asiyeogopa? Kwenye skrini ya oda kuna visanduku viwili, kimoja cha idadi yote, kingine cha idadi ya kuonyeshwa. Hicho cha pili kikiachwa kitupu, soko linaona zote. Ni kosa la mgeni wa wiki ya kwanza, na akilifanya hununulia meza nzima bia. Soko lilipofunguliwa, Clement akakiacha kitupu, akabonyeza. Hisa milioni nne na laki moja zilizokuwa zimebaki zikaanikwa mbele ya kila mtu.

"Weee, Thackray!" Giles wa meza ya jirani akapiga ukelele. "Mzee umevua nguo hadharani!"

Mia mbili. Mia moja tisini. Mia moja sabini na nne. Bosi wao, Rowena Astley, akaja mbio uso umemparama.

"Futa! Futa hiyo, Clement! Miaka ishirini na saba, leo unafanya utoto huu?"

"Samahani, bosi. Kichwa hakikuwepo."

Akaamini. Nani angefikiria vingine? Clement alijua marupurupu ya mwaka yamekwenda, labda na kazi. Lakini moyo ulikuwa mwepesi, mwepesi mpaka akaona aibu. Amemwokoa baba yake, na hakuna neno alilosema.

Karibu na saa sita Rowena akarudi. "Nimeongea na mteja. Amechoka nasi. Anataka zote zitoke leo, kwa bei yoyote ile. Utauza wewe, nami nitasimama hapa hapa nikikuangalia."

Simu ikalia.

"Umeona, mwanangu?" Sauti ya mzee ilikuwa ya kijana.

"Nimeona, baba. Pole."

"Pole ya nini? Kuna punguani huko kwenu kamwaga mzigo wote kwa mkupuo! Mia moja sabini na nne! Nilisema nitaweka ishirini, nikajiambia, Wilfred, bahati kama hii utaiona wapi tena? Nimeweka zote arobaini."

Clement akatazama idadi ya hisa zilizobaki kwenye skrini.

"Mbona kimya? Si unipe hongera?"

"Hongera, baba."

"Simu baadaye, Clement," Rowena akasema. "Anza."

Mzee alikuwa bado anacheka sikioni mwake alipoanza kuuza.