Mkono wa Kornelio Una Wajomba

Mkwe wangu Kornelio ni mchongaji. Alipotoka Newala alikuja Dar na patasi zake kwenye mfuko wa rambo, akakaa Mwenge kwa wenzake wa kwetu, akawa anachonga vinyago. Watalii walipopungua, vinyago vikabaki vinaangaliana. Akaona bora aingie karakana ya fenicha ya Mzee Khalfani, pale Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa. Kitanda kinanunuliwa mwaka mzima, maana watu hawaachi kulala.

Si mtu wa maneno. Siku walipokuja nyumbani kwangu Kimara kumposa binti yangu Recho, aliyesema yote ni mshenga. Kornelio yeye aliangalia mlango tu. Nikadhani anataka kukimbia. Kumbe ameona bawaba zimekaa upande. Mshenga alipomaliza, Kornelio akaomba bisibisi. Mlango ukawa unafunga. Nikakubali.

Na adabu anayo. Kwetu mkwe mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hambishii, na akimwona anakuja njia hii yeye hushika ile. Mjini wengi wameshaacha. Wakwe wa majirani zangu hapa Kimara wanakaa na mama wakwe zao kochi moja wanaangalia mpira. Kornelio hakuacha. Miaka yote hiyo mie nimemjua zaidi kwa mgongo.

Sasa ile siku ya kuumia ilikuwa hivi. Alikuwa anapasua mbao ya mninga kwenye msumeno wa meza. Msumeno una kinga yake ya bati, ya kuzuia mikono, lakini ile kinga ilikuwa imetundikwa ukutani na kofia juu yake, kwa kuwa mafundi walisema inachelewesha. Mbao ikawa na fundo, ikaruka, mkono wa kulia ukafuata. Vidole viwili vikaenda. Cha tatu kikabaki ila hakikunji. Ismail, fundi mwenzake, akazima mashine. Kornelio akamwambia, "Malizia huo mguu wa meza, mteja anakuja jioni." Ndipo akakaa chini.

Mzee Khalfani hakumtupa, hilo nalisema wazi. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akalipa mwenyewe. Kidonda kilipokauka akaja nyumbani kwa Kornelio na wazee watatu, gunia la mchele, bahasha na mbuzi. Walikaa kwenye mkeka, wakatoa pole kwa maneno mazuri. Mbuzi akachinjwa, tukala. Mie nilikuwepo, nilikuwa ndani na wanawake. Wakamuuliza Kornelio mbele ya wazee, "Je, bado kuna neno?" Akasema, "Hakuna. Yameisha."

Kwa watu wetu neno hilo si dogo. Mtu akishakula pole ya mwenzake akasema yameisha, akirudi kudai ni sawa na mtu anayekula matapishi yake.

Basi yakaisha. Kornelio akakaa nyumbani. Msumeno hauwezi, randa haishiki, patasi ikishikwa kwa vidole vilivyobaki inageuka. Alijaribu kuchonga mwiko kwa mkono wa kushoto. Recho akaupikia. Haukufaa kwa ugali, ila uji uliukoroga. Recho akaanza kuuza mkaa wa kupima. Mchele wa pole ukaisha, bahasha ikaisha zamani, na ule mkono ukawa bado unauma usiku na dawa zinanunuliwa.

Mie hayo ya fidia niliyasikia kwa jirani yangu Hamisa. Mumewe alianguka kwenye jengo huko Kigamboni, mguu ukawa mfupi. Nikaona kila mwezi anakwenda benki na kurudi anacheka. Nikamuuliza, huyu kashinda nini? Hamisa akasema, "Hajashinda, mama. Ni Mfuko wa Fidia. Ukiumia kazini wanatibu, wanakulipa sehemu ya mshahara ukiwa umelala, na kiungo kikipotea daktari anakipima wanakilipa. Lakini usikae sana. Mwaka ukipita wanakuuliza ulikuwa wapi." Akanionyesha na karatasi. Mie herufi nazijua moja moja, zikikaa nyingi pamoja tunachokana. Nikamwambia basi, nimekuamini kwa mdomo.

Nikampigia simu Kornelio.

"Mkwe, ulikwenda kwenye Mfuko wa Fidia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikwenda?"

"Yale yaliisha, mama."

Nikaongea, nikaongea. Hakunibishia, maana hanibishii. Alinyamaza tu mpaka salio langu likakata.

Nilihesabu miezi, nikaona ule mwaka umebaki mkia. Nikafunga kanga zangu nikaenda Mtoni. Nyumba yao ni chumba na sebule, wao na wajukuu wangu wawili. Nikakaa sebuleni, kwenye kiti kinachoangalia mlango wa mbele na mlango wa uani.

Mtu asiyejua ataona nilikwenda kutembea tu. Lakini mkwe hawezi kula mbele yangu, na chakula kilikuwa pale. Asubuhi Kornelio akaondoka bila chai. Mchana akaenda kula kwa Ismail. Kesho yake vivyo hivyo. Mke wa Ismail akaanza kumuuliza Recho kama huku kwao moto umezimika.

Recho akaniuliza, "Mama, utaondoka lini?"

"Mumeo akienda."

"Akienda wapi?"

"Anapajua."

"Mama, mtu anakonda!"

"Namwona. Na mie nakonda, vumbi la mkaa wako linanikausha mate."

Jioni moja Kornelio akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso kaelekeza uani. Akasema na mkewe, kwa kuwa kusema na mie uso kwa uso ni vibaya. Mie nipo palepale, hatua chache, nasikia kila kitu.

"Recho, mwambie mama nilikula mbuzi wa watu, nikasema yameisha mbele ya wazee. Sili matapishi yangu."

Recho akanigeukia. "Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mumeo yule mbuzi hata mie nilimla, na mie sikusema kitu."

"Anasema hata yeye..."

"Mwambie mama kosa lilikuwa langu. Kinga ya msumeno tuliitoa wenyewe."

"Mwambie mumeo sijauliza kosa. Nimeuliza vidole."

"Mwambie mama Mzee Khalfani atafungwa, na yeye ndiye aliyenipa kazi wakati sina hata shuka."

Hapo nikaona amesema la moyoni. Recho alikuwa amechoka kupokea huku na kupeleka kule, akawa anatazama ukuta. Nikafikiri kidogo. Mie mtu akiniambia habari ya mila namjibu kwa mila, maana hizo hazikuniingia kwa karatasi.

"Recho, mwambie mumeo, siku ile ya mbuzi, mjomba wake alikaa upande gani wa mkeka?"

Kornelio akasahau kumtumia mkewe. Akanijibu mwenyewe.

"Mjomba hakuwepo."

"Aa."

Nieleze, maana watu wa Dar wanatoka kila mahali. Kwetu sie mtoto ni wa upande wa mama. Ukimjeruhi mtu, hata yeye mwenyewe akikusamehe, bado. Mwili wake si shamba lake peke yake aligawe anavyotaka. Ni mjomba, kaka wa mama yake, anayesema yameisha. Kornelio alizoea mjini, akakaa mkekani peke yake kama mtu asiye na kwao, akaugawa mkono ambao hakuwa na idhini ya kuugawa.

Tukampigia mjomba Petro, Newala. Recho akaweka simu kwa sauti kubwa. Kumbe mzee alikuwa ameambiwa tu kwamba Kornelio "aliumia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza Petro.

"Vidole viwili, mjomba," Kornelio akasema. "Na cha tatu hakikunji."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Wa kuchongea. Na mlichinja?"

"Mbuzi, mjomba."

"Paja langu liko wapi?"

Paja lilikuwa limeliwa na wale wazee watatu, hilo niliona kwa macho yangu.

"Nani aliyesema yameisha?"

"Mie, mjomba."

"Wewe nani? Nilikufa? Mmeona kaburi langu? Hayajaanza hayo, yataishaje? Nenda kwa huyo bwana mkubwa wako, mwambie Petro wa Newala anamuuliza mkono wa mpwa wake. Na hiyo fidia ya serikali mama mkwe wako anayoisema, ukaichukue. Uko na mama mkwe hapo?"

"Yupo."

"Mwambie shikamoo."

Petro ni mkubwa kwangu, lakini nilipokea.

Asubuhi tukaenda karakana, Kornelio mbele, mie nyuma. Mzee Khalfani alikuwa amekaa juu ya meza isiyopakwa vanishi, anakunywa kahawa. Ni Mmakua wa Masasi, mtu mnene, mcheshi. Karani wake, Jenipher, alikuwa ndani ya kibanda cha mabati na kompyuta yake.

"Mama, karibu! Umekuja kununua kitanda?"

"Nina kitanda. Nimekuja na salamu za mjomba wa huyu. Anaulizia mkono."

Akaweka kikombe chini. Wamakua nao ni watu wa wajomba kama sie, hakuhitaji kuelezwa. Nikaona uso unafanya hesabu.

"Nyie Wamakonde," akasema, "mnadai mbuzi hata mchuzi wake ukishakauka sufuriani."

"Na nyie Wamakua mnazika mtu kabla hajaugua. Mjomba ulimwita?"

"Sikumwita."

"Haya."

"Lakini mama, niambie ukweli. Pole nilitoa, hospitali nililipa. Sasa na fidia tena nitoe mie? Niuze msumeno?"

Jenipher akatoa kichwa dirishani. "Mzee, hutoi wewe. Unaotoa ni Mfuko. Wewe si unachangia kila mwezi kwa ajili ya mafundi?"

"Nachangia nini?"

"Mchango wa fidia, mzee. Unasaini mwenyewe."

"Ile?" Khalfani akashangaa. "Nilidhani ile ni ya kuzoa taka."

"Ya taka ni nyingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ile ile alipoumia kwamba tutoe taarifa. Ukasema, 'Haya ni ya kindugu, usiniletee polisi.'"

Akatoka kibandani kabisa, akatueleza. Kwamba mwajiri ndiye anayetakiwa kupeleka taarifa, na mapema. Kwamba Mfuko hauanzi kwa kutafuta mzembe, unataka kujua kama mtu aliumia kazini au hakuumia kazini. Kwamba fundi mwenyewe naye anaweza kwenda kujitetea, lakini mwajiri akithibitisha mambo yanakwenda vizuri zaidi.

"Na mie nimechelewa," Khalfani akasema. "Watanifanya nini?"

"Watakuuliza kwa nini."

"Nitasema nini?"

"Sema ulipeleka mbuzi."

Ismail akacheka huko kwenye mashine, akajifanya anakohoa. Khalfani hakucheka. Alimgeukia Kornelio, akamtazama vizuri, kama fundi anavyoitazama mbao kabla hajaikata.

"Kornelio, mjomba nimemsikia. Mama nimemsikia. Huyu mtoto wa kompyuta nimemsikia. Wewe hujasema. Ulikaa mkekani kwako ukasema yameisha, na mie nikalala usingizi. Leo unasemaje wewe?"

Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Mie nilitaka kujibu, maana jibu nilikuwa nalo. Nikafumba mdomo. Ni kazi ngumu kuliko kubeba maji.

Kornelio alikuwa ameuficha mkono mfukoni, kama alivyoufichaga tangu aumie. Akautoa, akauweka mezani kando ya Khalfani.

"Mzee, mbuzi wako nilimla nikashukuru. Ya kwangu na wewe yameisha, sina kinyongo na wewe, na mtu akisema ninacho mlete nimwambie. Lakini mkono huu sikuwa na ruhusa ya kuumaliza. Una wajomba. Una watoto wangu wawili. Nilikosea kusema peke yangu. Andika niliumia kwako."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, wala sijasikia tena.

Khalfani akasema, "Jenipher, andika." Jenipher akaandika. Khalfani akasaini, safari hii akaomba asomewe kwanza.

Haikuwa kwenda na kurudi mara moja. Kornelio aliitwa, akaambiwa alete vyeti vya hospitali, akavileta. Kimoja kilikuwa kimefutika kwa jasho, akarudi kuomba kingine. Madaktari wakaupima mkono, wakamwambia akunje, anyooshe, ashike kikombe. Khalfani akaulizwa kwa nini amechelewa, akajibu alivyoweza. Mwisho Mfuko ukalipa. Gharama za dawa zikawa si za mkaa wa Recho tena, na fedha ya vidole ikaja. Kiasi gani ni habari yake na mkewe, na mjomba Petro alishajulishwa.

Pale Mtoni wapo waliosema Kornelio kala matapishi. Wamesema mbele yake pia, kijiweni. Yeye huwaambia waende Newala wakambishie Petro. Nauli hawana.

Sasa amerudi karakana. Hapasui, anachagua mbao na kuwakagua wengine. Kinga ya msumeno imerudishwa mahali pake, na fundi akiigusa Kornelio anazima umeme wa karakana nzima bila kusema neno. Juzi Ismail kachomwa na kibanzi kwenye kidole gumba. Mzee Khalfani kaja mbio anamwambia Jenipher aandike taarifa, Jenipher anasema kibanzi hakiandikwi, kinatolewa kwa sindano. Wakabishana mpaka wateja wakaondoka. Ikabidi Kornelio aulizwe. Akakishika kile kidole cha mwenzake, akakigeuza huku na huku.

Akasema kiandikwe.