Kalibu za Mutshidzi Hazirudi Rafuni

Saa moja asubuhi, Mutshidzi Netshiavha ameinamia meza ya karakana yake mjini Makhado, Afrika Kusini, akikandamiza ngozi iliyolowa juu ya kipande cha mbao kilichochongwa mfano wa bastola. Kidole gumba chake kinafuata mtutu, kisha mpini, hadi ngozi inashika umbo.

Ngozi ikikauka, kalibu hiyo ya mbao ilipaswa kurudi rafuni, na ala, yaani mfuko wa ngozi wa kiunoni, ikabidhiwe kwa mwenye bastola. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Kwa miaka ishirini na miwili wakulima na askari wastaafu walimletea maagizo yao: mkanda wa upana gani, mkono wa kulia au wa kushoto. Wengine walileta ala kuukuu wakaongeza pesa kidogo, wakaondoka na mpya.

Siku hizi mteja wake mkubwa ni kampuni moja ya ulinzi. Mwaka jana iliagiza ala arobaini zenye vifuniko vinavyoficha mpini, kila moja randi mia tatu na hamsini. Sharti lilikuwa moja: kalibu ziachwe ndani.

"Nilidhani wamekosea kuandika," anasema. "Nikapiga simu. Meneja akacheka: 'Mama, bastola ni ghali. Wezi wakiona ala watakimbia wenyewe.'"

Wenye maduka, hata hivyo, hutozwa bei ya mlinzi mwenye silaha.

Mwezi Machi wezi hawakukimbia. Waliiona ala kiunoni mwa Aluwani Mudau, mlinzi wa duka la jumla, wakampiga risasi kabla hata ya kuingia. Mwenzake wa mlango wa pili, ambaye hakuwa na ala, walimwamuru tu alale chini. Yu hai.

Mjane wa Aluwani ndiye aliyeirudisha ala karakanani, kalibu ikiwa bado ndani.

"Aliiweka hapa mezani," Mutshidzi anakumbuka. "Akaniuliza kwa heshima: 'Vho-Mutshidzi, kama ulijua kuchonga mtutu, mbona hukuchonga na risasi?'"

Aliapa kutoacha tena mbao ndani ya ala. Lakini adhuhuri ya leo gari la kampuni litakuja kuchukua ala nyingine ishirini, na mlangoni amesimama Rendani, mmoja wa walinzi watakaozivaa.

"Mama, tia mbao yako."

"Ikuue?"

"Bila mbao ala inalegea kama soksi ya babu! Meneja akiiona hivyo, ananirudisha kwa walinzi wa rungu. Randi sitini zinakatwa kila zamu. Wanangu watakula kiapo chako?"

"Aluwani naye alizitaka hizo sitini."

"Najua. Nilibeba jeneza lake." Rendani anajaribu kutabasamu. "Mbao yangu ikigoma kulia kama bastola, nitaipanda ardhini, iote."

Mutshidzi hacheki. Anachukua kisu, na juu ya mpini wa mbao anachonga jina: Rendani. Anaitumbukiza kalibu ndani ya ala na kufunga kifuniko.

"Sijakupa, nimekuazima," anamwambia. "Siku utakapopata kazi nyingine, uniletee wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Sitaki kuipokea kwa mkeo."

Kila kalibu itakayotoka leo itakuwa na jina la mvaaji wake. Anachotumaini, anasema, ni kuiona rafu yake imejaa tena kabla hajafa.

Kwa sasa imerudi moja.