Kurasa Thelathini na Saba za Mama Brenda

Mama Brenda hafungi ukurasa wa mtu. Hiyo ndiyo sheria ya steshenari yake pale mtaa wa Mukendo, na ukimbishia atakuonyesha mlango. Jina lake hasa ni Nyangi Burito, ila siku hizi wanaomwita hivyo ni ndugu zake wa Butiama tu, nao wakitaka kitu.

Mteja akija kuomba chuo, uhamisho au cheti, Mama Brenda humfungulia ukurasa wake kwenye kompyuta, akajaza kinachojazika. Kama kuna karatasi imesahaulika nyumbani, ukurasa unabaki wazi mpaka mwenyewe arudi, hata baada ya wiki tatu. Wenzake wanaandika paswedi za watu kwenye daftari. Yeye alishawahi kuwa na daftari, likamwagikiwa uji, akaapa hatarudia. "Mimi sifungagi mtu," husema, "na sijawahi kumpoteza mtu." Anajua ule wa tatu ni wa mwalimu wa Suguti, ule wa kumi ni wa mzee wa pensheni. Kompyuta yenyewe inahema, maskini, lakini inabeba.

Jumatano moja ya mwezi wa nane kurasa zilikuwa thelathini na saba, na wa mwisho ulikuwa wa Jenipher, binti wa kijiji cha Murangi. Jenipher alimaliza kidato cha nne miaka minne iliyopita, akabaki nyumbani kuanika dagaa. Sasa anaomba uuguzi. Fomu ilikuwa imejaa, imebaki cheti cha kuzaliwa tu, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Tatizo ni hili: paswedi ameisahau, na ile laini ya simu aliyojisajilia, ambayo ndiyo ingetumiwa paswedi mpya, ilizama ziwani. Laini ilikuwa kwa jina la kaka yake Stanslaus, bila yeye hairudishwi, naye yuko visiwani anavua, hapatikani. Kuanza fomu upya haiwezekani, maana mtandao wa chuo haupokei namba moja ya mtihani mara mbili. Kwa hiyo mlango wa kumfikisha Jenipher chuoni ulikuwa mmoja, huo ukurasa uliobaki wazi. Ukifungwa, basi, mpaka mwakani.

Sasa sikia alichofanya mtu mzima. Mama Brenda ni sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na Jumapili walikuwa na wimbo mpya. Akautaka kwenye kompyuta ausikilize akifanya fotokopi. Akapata programu ya bure ya kupakulia video. Ikauliza, akabonyeza kubali. Ikauliza tena, kubali. Mara nne! Mtu anayejaza fomu za watu mchana kutwa kidole chake hakisomi tena, kinakubali tu.

Hazikupita dakika kumi, kompyuta ikaingiwa na wazimu. Matangazo ya kubeti yakaruka kila upande. Kukatokea mwanamke wa Kizungu anayetafuta mchumba, mbele ya katekista aliyekuja kuskani barua! Mama Brenda akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kila akifunga moja yanafunguka matatu. Kwa hasira akachomoa waya ukutani.

Alipowasha tena na kufungua intaneti, kulikuwa na ukurasa mmoja tu, mgeni, wenye rangi nyingi na maneno asiyoyajua. Kurasa za watu zote zimekwenda. Akakaa.

Fred, fundi simu wa mlango wa pili, akachungulia. "Mama Brenda, hivyo ni virusi. Tunaiwekea windows upya, tunafuta kila kitu, jioni unaendelea na kazi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Inabaki safi kabisa."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa Fred zilikuwa kurasa. Kwa Mama Brenda alikuwa Jenipher na beseni lake la dagaa. "Ukiigusa nakukata mkono," akamwambia, na Fred akarudi kwake akicheka.

Akampigia Dennis, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta kule Bunda, akamsimulia yote.

"Shangazi, umefungua intaneti mara ngapi tangu uchomoe waya?"

"Mara moja."

"Isiwe mbili. Kompyuta inatunzaga kumbukumbu ya kurasa za mwisho, lakini ukifungua-fungua inaandika mpya juu ya ile ya zamani. Zima. Na mtu asikusafishie kitu. Niletee."

Haya, akazima, akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo Mukendo hawajalizoea. Akalizungushia sanduku la kompyuta kitenge, akapanda basi la Bunda. Kondakta akataka kuliweka chini kwenye buti. Akakataa, akalipakata mapajani kama mtoto mwenye homa, Makutano, Kiabakari, mpaka Bunda. Njia nzima alikuwa anaomba, na katikati ya sala anajitukana.

Dennis hakuwa na haraka. Kwanza alitoa nakala ya zile kumbukumbu, akaiweka pembeni. Kisha akaiondoa ile programu ya nyimbo, pamoja na kidude kingine ilichokuja nacho kikajipachika ndani ya intaneti kimyakimya. Akakagua mara mbili, akarudisha kumbukumbu mahali pake.

"Funga macho, shangazi."

"Nifunge macho ili iweje? Fungua!"

Akabonyeza. Kurasa zikaanza kurudi pale juu, moja baada ya nyingine. Mama Brenda akawa anawaita kwa majina: mwalimu huyo, mzee wa pensheni huyo, yule wa leseni. Wa thelathini na saba ulikuja mweupe. Kimviringo kikazunguka, kikazunguka. Mama Brenda alimshika Dennis bega mpaka akalalamika. Halafu yakatokea maandishi: Karibu, Jenipher.

"Asante Yesu!" alipiga kelele, na wateja wa Dennis wakageuka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamnunulia Dennis soda mbili, zote mbili anywe mbele yake.

Ijumaa asubuhi Jenipher akaja na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki. Akaona fomu yake iko palepale, akatabasamu. "Kwako hakipotei kitu, Mama Brenda."

Hapo Mama Brenda angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Kilipotea," akasema. "Nilikipoteza mimi, kwa upuuzi wangu wa kutafuta wimbo. Nimekwenda kukitafuta Bunda. Nisamehe, mwanangu. Leo, ukurasa ukiwa bado wazi, tunakutengenezea paswedi mpya, na uikariri."

"Ulikwenda mpaka Bunda? Kwa ajili ya hii?"

"Na kompyuta mapajani."

Binti akaanza kukunjua mfuko wa cheti taratibu. "Nyumbani wananiambia uuguzi ni wa watoto wa wenye nazo," akasema. "Leo asubuhi hata mimi nilitaka nisije. Kumbe wewe ulishanisafiria."

Mama Brenda akainuka kwenye kiti chake, akamkalisha Jenipher, akaskani kile cheti. Jenipher ndiye aliyebonyeza kutuma.